Shangazi Alimchukua Bibi Nikiwa Kazini

Nimerudi nyumbani, kitanda cha bibi kitupu.

Godoro limekunjwa. Kiti cha magurudumu hakipo. Hata redio yake... haipo.

Jirani akachungulia dirishani. "Shangazi yako alikuja na gari. Nikajua mmekubaliana."

Hatukukubaliana chochote, jamani. Shangazi huyu, binti wa bibi, alikuwa wa kutujulia hali kwenye simu tu.

Naomba mnielewe. Bibi ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu. Nusu ya mtaa imejifunza kusoma kwake. Hata alipokuwa hoi kitandani, daktari alimwandikia dawa, bibi akaitazama ile karatasi, akauliza, "Mwanangu, hapa amepita kuku?"

Daktari akaandika upya.

Alipopooza upande mmoja, niliacha chuo. Nikapata kibarua cha kuoka mikate. Alfajiri namwogesha, nakimbilia kazini. Nikirudi namlisha, nafua mashuka, namgeuza asipate vidonda.

Nilichoka. Kule kuchoka kwa kusahau kama umekula.

Lakini alikuwa bibi yangu.

Nikaenda kwa shangazi na aproni yangu yenye unga.

"Umemwiba bibi yangu," nikamwambia pale mlangoni.

"Ingia kwanza."

"Siingii. Nimemfuata."

Hakubishana. Akanipisha tu. Bibi alikuwa sebuleni, amesukwa nywele vizuri. Mimi muda wa kumsuka sikuwa nao tena.

"Usimgombeze mwanangu," bibi akasema. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanatoka moja moja. "Mimi ndiye niliyempigia simu. Nikamwambia aje wewe ukiwa kazini. Ungekuwepo, usingekubali."

Nikakaa sakafuni.

"Nimekukosea nini, bibi?"

"Juzi ulisinzia ukinilisha. Kijiko mkononi. Supu ikanimwagikia kifuani, nikanyamaza nisikuamshe."

Akavuta pumzi.

"Mtoto akisinzia darasani sikumchapa hata siku moja. Nilijua huko kwao halali. Rudi chuo, mjukuu wangu."

"Na wewe je?"

"Mimi nina mtoto mwingine. Acha naye achoke kidogo."

Shangazi akacheka, huku anafuta machozi kwa kiganja. "Kila nikiuliza nije, unaniambia mko sawa," akaniambia.

Nililala kwenye kochi lake mpaka jua la kesho yake likawa kali.

Bibi tumemzika juma lililopita. Shangazi alimuuguza mpaka mwisho, nami nilirudi chuo, nikawa naenda kumwona kila nikipata nafasi. Makaburini wamemsifu sana mwalimu wao. Waliponipa kipaza sauti, nilishindwa kusema. Ndiyo maana nimeandika hapa.

Nilichojifunza ni hiki. Unapomuuguza mtu, na yeye analala akikuwazia. Anauona mgongo wako unavyopinda. Usimwongezee hilo juu ya ugonjwa wake.

Kama unasoma hii umesimama jikoni, sufuria mkononi, na mgonjwa yuko chumbani... kaa kwanza. Halafu mpigie ndugu yako. Akikuuliza mnaendeleaje, leo mwambie ukweli.