Sakafu Iliyokosa Maji

Tangu mwezi Machi, Atuganile alikuwa akiamka jikoni. Mvua kubwa iliangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yao pale Ihanda, na familia nzima ikahamia kwenye kijumba cha kupikia. Kila asubuhi alikunja mkeka, akakung'uta majivu kwenye blanketi, kisha akamsaidia bibi yake, Ketrina, kuketi karibu na mlango ili apate hewa. Baada ya hapo alichukua ndoo, akaenda bombani, akarudi kujiandaa kwa shule. Alikuwa darasa la sita.

Bibi Ketrina alikuwa na kifua. Muuguzi wa zahanati aliwaambia wazi kwamba moshi ndio unaomuumiza, na kwamba asiendelee kulala penye moto. Ndiyo maana baba yake Atuganile, Osea, aliikarabati nyumba ile kwa haraka. Alijenga upya kuta kwa matofali ya kuchoma, akaezeka bati, akaweka milango na madirisha. Mama yake, Felista, alipaka chokaa kwa mikono yake mwenyewe. Mwisho wa Julai ilibaki sakafu tu.

Fundi wao katika kazi hiyo yote alikuwa jirani yao Anania, baba yake Ruti. Ruti alisoma darasa moja na Atuganile na walikuwa marafiki. Jumamosi moja Anania alimwaga sakafu ya saruji vyumba vyote vitatu. Kesho yake alitandika magunia yaliyolowa juu yake, kisha akamwita Osea.

"Upepo wa mwezi huu ni mkavu," alisema. "Magunia haya yasikauke. Maji asubuhi, maji jioni, siku saba. Sakafu ikikosa maji siku hizi za mwanzo, haishiki."

Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Osea na mkewe waliondoka alfajiri na kurudi jioni wamechoka. Osea akamgeukia binti yake.

"Umesikia, Atu? Kazi hii ni yako."

"Nimesikia, baba."

Siku mbili za kwanza Atuganile alimwagilia vizuri. Siku ya tatu bomba halikutoa maji, ikabidi kushuka mpaka mtoni. Asubuhi ile ilikuwa na baridi kali na njia ya kurudi ni ya kupanda. Alipofika nyumbani na ndoo ya kwanza, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Zilihitajika ndoo sita. Alimwaga ile moja, akaenda shule.

Jioni Ruti alimpitia. "Twende tukacheze rede. Wenzetu wanatusubiri uwanjani."

"Nina kazi ya maji."

"Utachota tukirudi."

Waliporudi, jua lilikuwa limekwisha kuzama. Atuganile alichukua maji yaliyobaki kwenye mtungi, akayamwaga juu ya gunia la mlangoni, mahali ambapo baba yake hupita akichungulia. Osea alipofika aliligusa gunia lile kwa kidole.

"Umemwagilia?"

"Ndiyo, baba."

Moyo ulimdunda sana. Kesho yake aliulizwa tena, akajibu vilevile, na safari hiyo moyo haukudunda kama jana. Ikawa hivyo mpaka siku ya saba.

Wiki mbili baadaye ndugu na majirani walikuja kuwasaidia kuhamia. Mama alikuwa amepika wali na kuku. Bibi Ketrina, aliyevaa kitenge chake kipya, aliingizwa wa kwanza na kuketishwa kwenye kiti katika chumba chake. Wanaume wawili wakaleta kitanda. Walipokiweka chini, mguu mmoja ulizama. Wakakisogeza, na sakafu ikapasuka kuanzia ukutani hadi katikati ya chumba. Mama alipofagia vipande, vumbi la saruji lilipanda kama unga. Bibi akaanza kukohoa, akakohoa mpaka wakambeba kumtoa nje.

Osea alipiga goti, akakwaruza sakafu kwa ukucha. Ilimomonyoka. Aliingia chumba cha pili na cha tatu, akakuta hali ni ileile. Kitanda kilirudishwa jikoni.

Anania aliitwa. Alifika akiwa bado ameshika mwiko wake wa kazi.

"Saruji yangu umeipeleka wapi?" Osea aliuliza mbele ya watu wote.

"Nilichanganya ukiniona, Osea. Sikupunguza hata koleo moja. Hii imekosa maji."

"Binti yangu amemwagilia kila siku. Atu, ulimwagilia au hukumwagilia?"

Watu wote walimtazama Atuganile.

"Nilimwagilia," alisema.

"Basi wewe ni mwizi," Osea alimwambia fundi.

Anania alimtazama Atuganile kwa muda mrefu. Aligeuka, akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Saruji nyingine haikupatikana, kwa sababu fedha yote ya kahawa ilikuwa imeishia kwenye nyumba ile. Osea alikuwa akikaa juu ya matofali yaliyobaki, akitazama mlango ambao hakuna aliyeupita. Kifua cha Bibi kilizidi. Walimpeleka zahanati, akapewa dawa, akarudishwa kwenye moshi uleule.

"Nilidhani mvua zikianza mama atakuwa ndani," Felista alisema siku moja akiwa anapepeta mahindi, na machozi yakamtoka.

"Niacheni tu," Bibi alijibu taratibu. "Nimekwisha kuzoea jiko. Pengine nitamalizia humuhumu."

Atuganile aliyasikia hayo yote. Alishindwa kula. Kila alipofungua kinywa aseme ukweli, aliona uso wa baba yake, akafunga.

Habari za saruji zilienea kijijini. Anania alikuwa ameahidiwa kazi ya kujenga nyumba ya mchungaji, lakini wazee wa kanisa wakampa fundi mwingine kutoka Vwawa. Shuleni wanafunzi walianza kumwita Ruti "binti wa mifuko ya saruji". Ruti hakugombana nao. Wakati wa mapumziko aliketi peke yake nyuma ya darasa.

Siku moja Atuganile alimfuata huko. Ruti hakuinua macho.

"Baba hatoki nyumbani siku hizi," alisema. "Vifaa vyake vyote amevifungia stoo." Kisha akauliza, "Atu, zile siku tulizokwenda rede, maji ulichota saa ngapi?"

Atuganile alitazama chini.

"Nilijua," Ruti alisema. "Nimeshindwa kusema kwa sababu mimi ndiye niliyekuita."

Jioni ile Atuganile hakupitia uwanjani. Alikwenda moja kwa moja kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, alikokuwa baba yake.

"Baba, sikumwagilia," alisema. "Nilimwagilia siku mbili tu. Siku nyingine nililowesha gunia la mlangoni ili uone maji."

Osea aliacha kugeuza kahawa. Atuganile alisubiri kipigo, lakini hakikuja. Baba yake alishika ukingo wa kichanja kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

"Nimemwita Anania mwizi mbele ya watu," alisema kwa sauti ndogo. "Mtu ambaye amenijengea nyumba." Alivuta pumzi. "Twende."

Nyumbani kwa Anania hawakuketi. Atuganile aliamkia, kisha akarudia maneno yaleyale. Osea naye akaomba msamaha.

"Nilijua tangu siku ile nilipomtazama," Anania alisema.

"Mbona hukusema, ndugu yangu?"

"Ningesema nini? Kila mtu angeona fundi mwizi anamsingizia mtoto."

Jumapili Osea alisimama kanisani wakati wa matangazo, akaeleza yote. Lakini nyumba ya mchungaji ilikuwa tayari imefika kwenye madirisha, na kazi ile haikuweza kurudi kwa Anania.

Osea aliuza ng'ombe wake wa pekee, mtamba mmoja, akanunua saruji. Sakafu ya zamani ilivunjwa kwa sururu, na Atuganile akabeba vifusi nje kwa karai kila alipotoka shule. Mwezi Septemba Anania alimwaga sakafu upya. Kwa siku saba, bomba likiwa bado halitoi maji, Atuganile alishuka mtoni asubuhi na jioni, ndoo sita kila mara. Hakuna aliyemuuliza kama amemwagilia. Mama yake alikuwa akiinua magunia mwenyewe na kutazama, chumba kwa chumba, na jambo hilo lilimuumiza Atuganile kuliko baridi ya mto.

Walihamia Oktoba, kabla ya mvua. Safari hii hawakualika watu wengi. Kitanda cha Bibi kiliwekwa, kikasimama imara. Usiku wa kwanza Bibi alilala bila kuketishwa ili apumue, ingawa kikohozi hakikumwacha kabisa, na muuguzi alisema huenda kisimwache tena.

Anania alikuja kuikagua sakafu. Alipomaliza chai, alimwita Atuganile barazani.

"Shikamoo, baba Ruti," alisema Atuganile, macho chini.

"Marahaba. Nitazame, mwanangu." Alisubiri mpaka Atuganile akainua macho. "Kushindwa kuchota maji ni kosa dogo. Ungeniambia siku ya tatu, ningekuja na Ruti tukusaidie, na siku ileile yangekwisha. Lakini ulisema umemwagilia, na kosa lako nikalibeba mimi, akalibeba Ruti, akalibeba na bibi yako kifuani. Sakafu nimeirudia kwa siku moja. Watu kuniamini tena, sijui kutachukua muda gani. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajaanza kuumia."

"Nimeelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Anania alisema. "Sasa nenda kwa Ruti. Yeye bado hujamwomba."

Atuganile aliaga, akashuka barazani, akaenda kumtafuta rafiki yake.