Waya wa Darini

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta, mtu asiyeogopa kitu ila mkewe. Dada yake alimwita mchana mmoja. Picha za marehemu mama yao zilikuwa zinahamia kompyuta ya sebuleni kupitia intaneti ya nyumbani kwa mwendo wa konokono, na ile ya chumbani zilimokuwa ilikuwa inakaribia kufa.

Fundi akafika, akazima simu na televisheni zote za nyumba zisigombanie intaneti. Wapi! Ndipo kwenye kisanduku cha intaneti akaona waya wa ziada, umepanda hadi darini.

“Dada, huu uliuweka wewe?”

“Mimi nijue waya, kaka yangu?”

Akauchomoa, akapanda nao darini aone unakoishia. Giza totoro, kimya, hata panya hasikiki.

“Zinakimbia sasa!” dada akashangilia kutoka chini. “Kaka, umefanyaje?”

Fundi aliutazama mkono wake. Waya ulikuwa unamteleza mkononi, ukienda gizani taratibu, ukikwaruza mbao. Akaukaza kwa nguvu zake zote. Mkwaruzo ukakoma.

Kisha, kutoka upande wa pili, waya ukavutwa mara mbili, polepole, kama mtu anayeomba aachiwe cha kwake.