Vitunguu vya Mwalimu Suma

Kila asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la tano walimwagilia bustani ya maua ya shule yao, katika kata ya Chanji mjini Sumbawanga. Jumatatu hiyo ilikuwa zamu ya kwanza ya Coleta tangu likizo, msichana mwepesi wa kushika kazi lakini mzito wa kuuliza.

Alipofika kwenye tuta la mwisho alishangaa. Mimea kumi na miwili ilikuwa imesimama wima hadi kiunoni pake, kila mmoja umebeba tumba juu ya bua refu. Alikata kipande cha jani, akanusa. Kitunguu!

“Nani kapanda vitunguu kwenye maua, halafu akavisahau?” alijisemea huku akicheka.

Bibi yake alilima vitunguu huko Mpui, na kila likizo walivunja mabua pamoja. Kitunguu kikiachwa kitoe maua, bibi alisema, hakinenepi chini. Basi Coleta akaweka ndoo, akaanza. Ka! Ka! Alikuwa amevunja mabua manne kengele ilipolia. Akayarusha nje ya uzio, mbuzi wa jirani wakayafakamia. Akaingia darasani akijiona mkulima hodari.

Saa nne wanafunzi wote waliitwa mstarini. Mbele alisimama Mzee Zephania, mlinzi wa shule, kofia mkononi. Mwalimu Suma alilengwa na machozi.

“Mabua manne ya tuta la mwisho yamevunjwa. Vile si vitunguu vya mboga,” alisema. “Ni vya maua. Nilivileta kutoka Mbeya vichanue siku ya mahafali ya darasa la saba, wiki ijayo. Mzee Zephania na mimi tulivipanda wakati wa likizo.”

Mwalimu mkuu akamgeukia mlinzi. “Mbuzi wa jirani wameonekana wakiyatafuna mabua hayo; wamepita langoni kwako, mzee. Kama kulinda kumekushinda, tutatafuta mtu mwingine.”

Mzee Zephania aliinamisha kichwa. Coleta akawaza. Angekaa kimya, nani angejua? Lakini mzee wa watu angefukuzwa bure! Akatoka mstarini.

“Mwalimu, si mbuzi. Ni mimi niliyevunja.”

“Wewe! Kwa nini?” alimaka Mwalimu Suma.

“Nilitaka vinenepe chini.”

Shule nzima ilipasuka kwa kicheko. Mwalimu Suma mwenyewe alicheka hadi akashika mbavu.

“Kuuliza si ujinga, mwanangu,” alisema akijifuta macho. “Bidii unayo. Kesho anza na swali, ndipo ushike kazi.”

Mwalimu mkuu alimwomba radhi Mzee Zephania mbele ya wote. Coleta akapewa adhabu ya kumwagilia tuta lile peke yake hadi siku ya mahafali, naye hakukosa hata asubuhi moja.

Siku ya mahafali, maua manane yalikuwa yamechanua, ya zambarau, ya mviringo, makubwa kama mipira ya makaratasi. Nyuki walivuma, wahitimu wakagombania kupiga picha. Coleta alifurahi, lakini macho yake yalirudi kwenye vile vinne visivyo na kitu.

“Shikamoo, babu,” alimsalimu Mzee Zephania. “Nisamehe kwa yale manne.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Vitunguu vyake vingali hai ardhini, mwakani vitachanua. Lakini jina la mtu likivunjwa kwa uongo, halichipui upesi hivyo. Langu umelisimamisha siku ileile kwa kusema kweli. Haya, njoo tupige picha na sisi!”