Orodha ya Mbegu

Historia rasmi ya batalioni ya kwetu ina kurasa mia tatu na kumi na mbili, picha za makamanda wanne, na ukurasa mzima na nusu kuhusu kombe la hoki ililotwaa Uingereza mwaka 1942, ilipokuwa inasubiri vita viikumbuke. Tarehe 11 Desemba 1943 imepewa mistari minne. Inasema kwamba kompania ya C ilivuka bonde moja kusini mwa Ortona, Italia, ikakuta upinzani, ikarudi, na kwamba "shughuli za utawala ziliendelea bila kukatizwa."

Hilo la mwisho ni kweli tupu. Aliyeziendesha alikuwa babu yangu mzaa mama, Koplo Orville Tasker, karani wa batalioni. Alinisimulia mara moja tu, jikoni kwake huko Saskatchewan, Kanada, mchana, akimenya viazi.

Siku ya kuamkia shambulio, alisema, ilikuwa siku nzuri. Mvua ilikuwa imepumzika. Ofisi ilikuwa ndani ya banda la kukamulia mafuta ya zeituni, na kuku wa mwenye banda walikuwa wanadonoa makombo chini ya taipureta. Mdogo wake, Lyle, mwenye nywele nyekundu na miaka kumi na tisa, askari wa kawaida wa kompania ya C, alikuja kuchukua soksi alizoanika juu ya jiko la ofisi.

"Karani mkuu," Lyle akasema, "vita vinaendeleaje huku kwenye karatasi?"

"Tunashinda," babu akamjibu. "Ni huko kwenye matope mnakotuangusha."

"Basi njoo utuoneshe."

"Ningekuja, ila kiti hiki hakina mtu mwingine wa kukikalia."

Lyle akacheka, akavaa soksi, akamwibia sigara mbili, akaenda zake. Babu akabaki na karatasi aliyokuwa ameifunika kwa kiwiko tangu mdogo wake alipoingia.

Kabla ya kila shambulio, kila kompania iliacha nyuma watu kumi. Makao makuu yalikuwa na jina refu la jambo hilo. Maana yake ilikuwa fupi: wakiisha wote waliokwenda, hawa kumi ndio wa kuanzishia kompania nyingine. Vijana wetu, wengi wakiwa watoto wa mashamba ya ngano, waliwaita mbegu. Meja wa kompania aliandika majina kwa penseli, karani akayapiga taipu nakala tatu, kapteni wa utawala akatia sahihi. Siku hiyo meja alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali, macho yamemgeuka manjano kama kiini cha yai, kwa hiyo hapakuwa na wa kulinganisha penseli na taipu.

Jina la tisa kwenye penseli lilikuwa Horbay, W. Jina la Lyle halikuwemo.

Sasa, siku batalioni ilipoondoka nyumbani, mama yao aliwasindikiza hadi stesheni. Lyle alipewa busu na sandwichi. Babu alishikwa ukosi wa koti. "Urudi naye," mama yake alimwambia. "Usiporudi naye, usije ukanieleza."

Babu akapiga taipu: Tasker, L. Akaichoma ile ya penseli kwenye jiko la ofisi. Kapteni Lathrop, ambaye alisoma kila karatasi isipokuwa zile alizotia sahihi, akatia sahihi.

Wasyl Horbay alikuja jioni, kofia mkononi. Alikuwa kijana mpana, mpole, mtoto wa wahamiaji kutoka Ukraini wenye shamba maili sita kutoka kwetu.

"Koplo, samahani. Meja aliniambia kwa mdomo wake kwamba mimi ni mbegu. Sasa sajenti ananipa risasi."

"Karatasi haisemi hivyo," babu akasema, akamwonesha.

Horbay akaisoma taratibu, kidole chini ya kila jina, mpaka mwisho. Akaikunjua kona iliyojikunja. "Basi kama karatasi haisemi," akasema, na akaenda kuchukua risasi zake.

Mizinga ilianza alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi wabeba machela walikuwa wanarudi, na kufikia saa tano walikuwa wamemleta Horbay. Kazi ya karani ilikuwa kukata kisahani chekundu cha utambulisho shingoni mwa kila maiti. Cha pili, cha kijani, huzikwa naye. Babu akalifunua blanketi. Tundu lilikuwa chini ya sikio la kushoto. Kinywa kilikuwa wazi, kimejaa udongo wa mfinyanzi. Akakata uzi, akasoma HORBAY W., akatia kisahani kwenye mfuko wa shati.

Nyuma ya banda Lyle alikuwa anasugua masufuria, anapiga mbinja. Babu alipoisikia mbinja ile alifurahi. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kufurahi vile, na kwamba hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko yote.

Saa nane mchana kompania ilipangwa uani, iitwe majina. Jua lilikuwa linawaka. Utaratibu ulikuwa hivi: sajenti anaita, mtu anajibu. Asiyejibu anaitwa mara ya pili. Kisha sajenti anauliza nani alimwona, na aliyemwona anasema alipoangukia, na karani anaandika. Walikwenda watu themanini na wanne. Safu zilikuwa fupi. Mbegu kumi walisimama nyuma, mashati safi, wakiona aibu.

Sajenti Brisbin alikuwa na sauti iliyokwaruzika kwa moshi. Akaita. Babu akaandika.

"Horbay, W."

"Nipo."

Babu akainua kichwa.

Alikuwa safu ya nyuma, wa tisa. Wasyl Horbay. Koti lake lilikuwa na udongo mbichi hadi shingoni. Sajenti akatia alama, akaendelea. Hakuna aliyegeuka. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mkono wa koti lile, tone moja moja, juu ya ua uliokauka.

"Tasker, L."

"Nipo, Sajenti," Lyle akajibu. Alikuwa pembeni ya Horbay, bega kwa bega.

Sajenti akaita tena.

"Tasker, L."

"Nipo hapa, Sajenti. Masikio yamejaa mizinga?"

Hakuna aliyecheka.

"Nani alimwona Tasker?"

"Mimi," akasema askari mmoja, Petrie, mwenye mkono uliofungwa bendeji. "Kwenye ukingo wa bonde, pale kwenye mkokoteni uliopinduka. Ilimpata hapa." Akagusa chini ya sikio lake la kushoto.

"Petrie, acha upuuzi," Lyle akasema. Alikuwa bado anatabasamu. Akatoka kwenye safu, akaenda kumshika mkono. Petrie akajikuna pale aliposhikwa, kama mtu aliyepitiwa na nzi.

Sajenti akamtazama babu. "Andika, Koplo. Pole."

Babu akatia mkono mfukoni. Kisahani kilikuwa kimelowa. Akakigeuza juani. TASKER L.

Alikwenda kwa Kapteni Lathrop bila hata kupiga saluti. Kapteni alikuwa anatafuta stempu.

"Afande, mdogo wangu yuko hapo nje."

"Najua, Koplo. Nimesikitika sana. Wanawazika kesho saa tatu. Nitakuandikia kibali uhudhurie."

"Yuko hai, afande. Alibaki. Nilibadilisha orodha. Nilimwandika yeye badala ya Horbay. Nishitaki."

Kapteni akaacha kutafuta. Akatoa orodha kwenye faili, na kwa mara ya kwanza tangu Uingereza akaisoma karatasi aliyoitia sahihi. Kisha akamgeuzia. Jina la tisa: Horbay, W. Taipureta ileile. Herufi za kwanza za jina la babu pale chini, kama kawaida.

"Umechoka," kapteni akasema kwa upole. "Ulitaka kubadilisha, hukubadilisha. Nami sina fomu ya kosa ambalo halikutendeka."

Nje, Lyle alikuwa anamsubiri. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Wakaenda pamoja hadi kwenye maiti, hatua arobaini. Babu akalifunua blanketi lilelile.

Alikuwa na udongo kinywani. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso. Soksi zilikuwa zile za juu ya jiko.

Lyle akainama karibu sana.

"Kaka," akanong'ona. "Nani huyu?"

"Hakuna mtu," babu akasema, akafunika.

Jioni ile alikataa kuipiga taipu taarifa ya vifo. Aliondoa utepe wa wino kwenye taipureta akautupa kisimani. Taarifa ilikwenda hata hivyo. Alikuja kuiona nakala yake miaka mingi baadaye, kwenye kumbukumbu za jeshi, safi, haina kosa hata moja, na herufi zake pale chini.

Horbay alifika mlangoni mwa ofisi wakati babu amekaa mbele ya mashine isiyo na utepe. Hakuingia.

"Asante, Koplo."

Babu aliendelea kuitazama mashine.

"Nilikuwa nimelala," Horbay akasema. "Kulikuwa na baridi. Nikasikia naitwa. Sikutaka kuja. Lakini niliitwa, na sauti ikatoka yenyewe." Akafikiri kidogo. "Wewe unajua karatasi. Naweza kurudi?"

"Sijui," babu akasema.

"Basi kama hujui," Horbay akasema, akaondoka. Kuku waliokuwa uani hawakumpisha. Alipita katikati yao nao wakaendelea kudonoa.

Huyo alirudi Kanada salama. Alilima shamba la baba yake hadi mwaka 1971, na ngano yake haikuota hata msimu mmoja. Chama cha wakulima kilimwandikia barua tatu za kuomba maelezo. Aliishi kwa pensheni.

Lyle hakuwa na pensheni. Mpishi alimpita na upawa. Asubuhi ya maziko alisimama pembeni ya kaburi, kofia mkononi, padri akasoma jina lake, naye akasema "Nipo" kwa sauti ndogo, kwa mazoea. Kuanzia siku hiyo babu aligawana naye kopo lake la nyama na blanketi lake. Walipita Italia yote hivyo, wakavuka hadi Uholanzi. Babu alikonda hadi daktari akamwandikia dawa ya minyoo. Wenzake walidhani anaongea peke yake kwa ajili ya msiba, wakamheshimu, wakakaa mbali.

Kila siku Lyle alikuwa na swali moja. "Lini watanisikia?"

Mwanzoni babu alijibu kesho. Baadaye akajibu tukifika nyumbani. Lyle akaishikilia hiyo. Kwenye meli alifanya mazoezi ya atakachomwambia mama yao. Kwenye treni alishindwa kukaa.

Mama yao alikuwa peke yake stesheni, amevaa nyeusi. Babu alishuka. Lyle alimtangulia mbio, akasimama mbele ya mama yake, karibu kiasi cha kugusana, akavua kofia.

"Mama," akasema.

Mama yake alikuwa anatazama mizigo inayoshushwa, kwa kupitia kifuani mwa Lyle.

"Mama, ni mimi. Amenirudisha."

"Umerudi peke yako," mama akamwambia babu.

Babu akafungua kinywa. Akakumbuka alivyoambiwa, asije akaeleza. Akakifunga. Mama yao aliishi miaka tisa baada ya hapo, nyumba moja nao, na hakumsemesha babu tena. Lyle alijaribu kila asubuhi kwa mwaka wa kwanza. Alimwimbia. Alimpigia magoti. Mama yao alipofariki alikuwa ameshika picha ya Lyle, na Lyle alikuwa ameshika kiwiko chake, na babu ndiye aliyelazimika kuyaona yote mawili.

Nilimuuliza babu yaliishaje.

Aliweka kisu. Viazi vilikuwa vimejaa sufuria, vingi mno kwa mzee mmoja. Akatega sikio upande wa kiti kitupu, kama kiziwi wa sikio moja anayesemeshwa, kisha akanigeukia.

"Anauliza wewe ni mtoto wa nani," akanong'ona.

Nikasema jina la mama yangu. Sikujua nitazame wapi.

"Hazeeki," babu akasema. "Mimi nina tisini na moja. Nimekwenda kwa daktari kumwomba aniongeze miaka. Ananipa vidonge vya presha. Nikiondoka mimi, atamjibu nani?"

Aliondoka Januari iliyofuata. Serikali iliandika barua ya rambirambi kwa marehemu mwenyewe, ikimtaka athibitishe kifo chake ndani ya siku thelathini. Tulimzika, tukakata umeme, tukaondoa maji kwenye mabomba yasipasuke, tukafunga milango.

Nilirudi baada ya majuma matatu kuchukua vitu. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Theluji ya ngazini haikuwa na unyayo wowote zaidi ya wangu. Ndani, taulo lilikuwa limekauka kama ubao, na pumzi yangu ilitoka nyeupe. Nikapita vyumba vyote. Nikasimama kwenye ukumbi, nikaita, "Lyle." Nikasubiri. Nikasema mimi ni mtoto wa nani. Nikasubiri tena, muda mrefu, hadi nikaacha kuhisi vidole vya miguu.

Sikusikia kitu. Nilijitahidi, na sikusikia kitu.

Mlango wa bafu ulikuwa nusu wazi. Babu alifuga ndevu tangu vita viishe, hakuwahi kuwa na wembe. Ulikuwepo mmoja pembeni ya sinki, wa kizamani, umelowa. Kwenye makali yake kulikuwa na povu la sabuni na nywele fupi nyekundu, laini, za kijana ambaye hana kubwa la kunyoa. Katika ukoo wetu mwenye nywele nyekundu alikuwa mmoja tu. Niliutazama wembe ule bila kuugusa. Povu lilikuwa bado linapasuka, kiputo kimoja kimoja.