Alama ya Namba Tano

Wakati wa likizo fupi ya mwezi wa nne, Selestina wa darasa la saba alikuwa na ratiba yake isiyobadilika. Asubuhi alikata majani ya mbuzi na kufagia uwanja, mchana alimsaidia mama yake kuchambua maharage, na ilipokaribia saa kumi alasiri alinawa miguu, akavaa sare na kushuka mbio hadi shuleni, pale Karatu mjini. Huko kulikuwa na chumba cha klabu ya redio. Zamani kilikuwa stoo ya majembe, na panya walikuwa bado hawajapewa taarifa ya kuhama.

Mlezi wa klabu, Mwalimu Raphaeli, alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaowasiliana kwa mapenzi tu, si kwa biashara. Lakini mjini mashine za kusaga na mafundi wa kuchomea vyuma walijaza kelele hewani, sauti za mbali zikawa hazisikiki. Kwa hiyo redio yenyewe na antena yake, waya mrefu wenye miguu miwili iliyotandazwa mbele na nyuma ya nyumba, vilifungwa kilimani Rhotia, nyumbani kwa mkulima mmoja aitwaye Bibi Cresensia. Shuleni ilibaki kompyuta na kipaza sauti. Mtu alibonyeza hapa, redio ikaitika kule kupitia intaneti. Wazazi waliokuja kutazama walitikisa vichwa na kuuliza kama hakuna ujanja uliofichwa chini ya meza.

Kila Jumamosi mwanafunzi mmoja alipanda Rhotia kukagua mitambo na kujaza fomu ya mambo manane. Mwalimu Raphaeli aliipenda fomu hiyo kupita kiasi. Watani walisema hata ugali anaukagua kabla ya kuula.

Jumatatu moja Selestina alifika mapema kuliko siku zote. Asubuhi gari la shule lilikuwa limeondoka na Mwalimu Modest, dereva na wanafunzi wanane, kwenda kutembelea shule rafiki huko Digodigo. Adrian, mdogo wake Selestina wa darasa la tano, alikuwa miongoni mwao. Hadi Engaruka simu zilishika. Kuanzia hapo walikubaliana kutumia redio ndogo waliyoibeba: wangeiwasha kila saa kamili kwa dakika kumi tu, wasimalize betri.

Ndani ya chumba alimkuta Mwalimu Raphaeli pamoja na Lekoko, mwanafunzi mwenzake. Hakuna aliyecheka wala kutania.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapa haraka," mwalimu alisema. "Naserian amenipigia sasa hivi kutoka Nainokanoka."

Naserian aliwahi kusoma shuleni hapo. Sasa aliishi nyanda za juu za Ngorongoro, ambako mvua ikinyesha, maji yake hushuka kwa makorongo hadi tambarare ya Engaruka. Alikuwa amesema kwamba huko juu mvua ya mawe ilianza tangu saa saba, na makorongo yote yalikuwa yamejaa. Kwa hesabu yake maji yangefika chini kabla ya saa kumi na moja.

"Tumepiga simu ya Mwalimu Modest, haipatikani," Lekoko alisema. "Ya dereva pia."

Saa ya ukutani ilipofika saa kumi kamili, spika ilikoroma. Sauti ya Mwalimu Modest ikaja, nyembamba lakini safi.

"Karatu, Karatu, hapa ni Modest. Tumepita Engaruka salama. Gari limezama kwenye mchanga katikati ya korongo kavu. Msiwe na wasiwasi, huku jua kali. Dereva anachimba, watoto wamekaa kivulini humu humu korongoni, wanapika chai. Ova."

Neno hilo la mwisho, katika lugha ya redio, ni la kumpisha mwenzako aseme. Mwalimu Raphaeli hakungoja. Alibonyeza kitufe cha kurusha sauti na kusema kwa nguvu, "Modest, tokeni korongoni! Maji yanakuja! Tokeni sasa hivi! Ova."

Kimya. Kisha Modest akarudi, mtulivu kama mtu anayeongea barazani kwake. "Karatu, Karatu, hatuwasikii. Labda bado hamjawasha. Tutaita mpaka dakika kumi ziishe. Ova."

Adrian alikuwa amekaa ndani ya njia ya maji, akisubiri chai ichemke, na wao walimsikia mwalimu wake vizuri kabisa bila kuweza kumjibu.

"Intaneti," mwalimu alisema. "Lekoko, angalia."

"Inapita, mwalimu. Polepole, lakini inapita."

"Umeme wa kule?"

"Betri imejaa."

Mwalimu alijaribu tena kurusha, macho yake yakiwa kwenye kipimo kilichochorwa kwenye kompyuta. Mshale uliruka hadi kwenye rangi nyekundu. Selestina aliujua mshale ule. Nguvu inayopelekwa kwenye antena ikikataliwa, hurudi redioni. Redio ikiona nyingi inarudi, hujipunguzia nguvu isije ikaungua. Ndiyo maana waliweza kusikia lakini hawakuweza kusikika.

"Saa kumi na dakika tatu," Lekoko alisema.

Mwalimu Raphaeli alivuta fomu ya Jumamosi iliyoning'inia ukutani, akaipitia kwa kidole. "Mambo mawili tu yanaleta hali hii. Ama waya wa antena umegusa kitu, ama ile swichi ya kuchagua antena imeganda kama mwezi uliopita. Waya umekaguliwa juzi."

"Selestina ndiye aliyekagua," Lekoko alisema. "Huyu huwa hakosei."

"Basi ni swichi. Itabidi nizime kila kitu na kuwasha upya. Dakika sita."

Selestina aliikodolea macho fomu iliyokuwa mkononi mwa mwalimu. Namba tano ya fomu ile ilisema: Nimezunguka nyuma ya nyumba na kuufuata mguu wa pili wa waya hadi mwisho wake. Mbele ya maneno hayo palikuwa na alama ya vema, nzuri, iliyonyooka, kwa mkono wake. Naye hakuzunguka. Jumamosi mvua ilikuwa inanyesha, nyuma ya nyumba kulikuwa na tope la kufika kwenye vifundo vya miguu, na pikapu ya mjomba wake iliyokuwa ikishuka mjini ilimpigia honi mara mbili. Aliutazama mguu wa kwanza wa waya, akaona uko sawa, akajiambia kwamba wa pili nao hauwezi kuwa tofauti.

Akitaka, angeweza kunyamaza. Huenda kweli ilikuwa swichi. Akisema, kila mtu angejua, na yule Selestina asiyekosea angekwisha leo. Spika ikakoroma tena, "Karatu, Karatu," na nyuma ya sauti ya Mwalimu Modest akasikia watoto wakicheka. Mmoja wao alicheka kwa kukwamakwama, kicheko ambacho angekitambua hata usingizini.

Mwalimu alikwisha kuweka kidole kwenye kitufe cha kuzima. Selestina akapiga moyo konde.

"Mwalimu, usizime! Mimi sikuuangalia mguu wa pili. Niliweka alama tu."

Lekoko aligeuka akamtazama kama mgeni. Mwalimu Raphaeli aliondoa kidole taratibu. Uso wake ulibadilika, lakini hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja.

"Ni namba tano peke yake?"

"Peke yake, mwalimu. Nyingine zote nilizitazama kweli."

"Nikuamini?"

Swali hilo lilimchoma kuliko fimbo. "Niamini, mwalimu," alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Mpigie Bibi."

Simu iliita mpaka ikakata. Lekoko alitaja saa kumi na dakika tano. Selestina alipiga tena, na safari hii ikapokelewa.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo, Bibi. Ni Selestina wa klabu ya redio."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo? Na mbuzi je?"

"Bibi, nisamehe, nina haraka sana. Nenda nyuma ya nyumba uniambie ule waya wetu umefikia wapi."

Wakasikia pumzi za Bibi Cresensia, ndala zake zikipiga tope, na ng'ombe akilia karibu. "Upo," alisema. "Umelala juu ya mabati ya banda jipya la ng'ombe. Ijumaa fundi aliulegeza ili apaue, akasema ataurudisha. Nilidhani alikwisha kurudisha. Kumbe alikwenda zake!"

Mwalimu Raphaeli alichukua simu. "Mama, shikamoo, ni Raphaeli. Sikiliza. Watoto wako hatarini na tunauhitaji waya huo sasa hivi. Usiuguse kwanza." Akamgeukia Selestina. "Zima nguvu ya kurusha, tubaki kusikia tu. Kisha ondoa mikono mezani. Mtu akirusha sauti wakati Bibi ameushika, utamuunguza."

Selestina alibonyeza, akangoja. Intaneti ilikuwa inajikokota. Taa ndogo ya kwenye kompyuta ilibaki ya kijani, ikabaki, ikabaki, mwishowe ikawa nyeusi.

"Imezima, mwalimu." Akakunja mikono kifuani.

"Mama, sasa shika kamba iliyo mwishoni mwa waya. Kamba, si waya. Ivute mpaka waya uache mabati, uifunge kwenye nguzo yoyote ya mti."

"Ngoja niiweke simu kwenye kanga."

Wakabaki wanasikiliza mkwaruzo wa nguo. Bati likalia. Bibi akaguna. Ng'ombe akalia tena, na Bibi akamkemea kwa Kiiraqw, lugha ya kwao. Lekoko alitaja dakika ya nane, kisha ya tisa. Selestina alimwomba Mungu kimoyomoyo bila kupanga maneno. Mdogo wangu, mdogo wangu, ndiyo maneno pekee yaliyomjia.

Kwenye spika Mwalimu Modest alisema, "Haya, Karatu, dakika zimekwisha. Tutawaita saa kumi na moja. Kwa heri."

"Tayari!" Bibi Cresensia alipiga kelele. "Nimefunga, na nimeondoka!"

"Uko mbali, Mama?"

"Niko mlangoni kwangu!"

Selestina aliwasha. Taa ilichelewa, kisha ikarudi kijani. Mwalimu Raphaeli alibonyeza kitufe cha kurusha. Mshale ulitikisika, ukatulia chini kabisa.

"Modest, Modest, tokeni korongoni! Maji yanashuka kutoka mlimani! Acheni gari, pandeni juu! Ova!"

Hakuna jibu. Alirudia. Hakuna jibu. Alirudia mara ya tatu, jasho likimtiririka hadi kwenye ukosi wa shati. Kisha ikaja sauti ndogo ya kitoto iliyojaa mashaka.

"Karatu? Ni Adrian. Mwalimu ameenda kwenye gari, mimi nilikuwa nataka kuzima redio nikunje waya. Mmesema maji?"

Mwalimu Raphaeli alimsogezea Selestina kipaza sauti. "Sauti yako ataitii haraka zaidi."

"Adrian! Ni mimi, dada yako. Mwite mwalimu, mkimbie juu wote, acheni kila kitu! Sufuria acheni! Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Spika ikanyamaza. Walikaa hivyo hadi saa kumi na moja bila kutazamana, na zile dakika zilikuwa ndefu kuliko kipindi chochote cha Hisabati. Saa kamili ilipogonga, Mwalimu Modest aliita. Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Karatu, tuko juu, wote kumi. Maji yalikuja saa kumi na dakika ishirini na tano, na magogo. Gari limebebwa, limelala ubavu kule chini. Wafugaji wa boma la jirani wametupokea, watoto wanakunywa maziwa. Mungu awabariki. Ova."

Selestina aliinamisha kichwa mezani akalia kwa sauti, bila haya.

Jumatano wasafiri walirudi kwa lori. Klabu nzima ilikutana, wazazi nao wakaja. Mwalimu Raphaeli hakumtaja mtu. Alimtazama Selestina tu, akangoja. Selestina alisimama akaeleza yote: tope, pikapu, alama, na jinsi alivyosita wakati watoto wakiwa korongoni. Mama yake alishika mdomo kwa kiganja. Adrian alimwangalia muda mrefu.

"Mimi ningekuwa wa mwisho kutoka, dada," alisema. "Nilikuwa nimekaa chini kabisa."

Selestina alimgeukia. "Nisamehe," alisema, na neno lilikuwa dogo mno kwa kazi aliyolipa.

"Mwalimu, nitoe kwenye klabu," aliongeza. "Nastahili."

"Sikutoi," Mwalimu Raphaeli alijibu. "Muhula huu hutagusa kipaza sauti. Utapanda Rhotia kila Jumamosi, na Lekoko atakagua ulichokagua. Lakini sikilizeni wote. Kifaa kikiharibika mbali, macho yetu ni neno la mwenzetu aliyekwenda kutazama. Selestina angeacha nafasi ya namba tano wazi, ningeanzia hapo hapo, na Modest angenisikia kabla hajaaga. Alama ile ilinifumba macho. Uvivu wa Jumamosi ni kosa, nao tungeusamehe tukicheka. Kosa kubwa ni dakika ile ya Jumatatu aliyojua na akanyamaza."

Akaweka mkono begani mwa Selestina.

"Hata hivyo alisema, akijua tutamwonaje. Ukweli ukichelewa kidogo, bado unaweza kumtoa mtu korongoni. Ukichelewa sana, unabaki kusimuliwa msibani."

Adrian alisogea, akakaa karibu na dada yake.