Wasifu wa Babu Nikodemu

Komeo la mlango wa uani lililia kwi, taratibu, kama panya aliyebanwa mkia. Nje bado kulikuwa na giza. Elida alijigeuza kitandani akajua kuwa mama yake anatoka. Kila alfajiri Mama Elida, ambaye jina lake ni Rahabu, huteremka ufukweni Kibirizi kungoja mitumbwi inayorudi na dagaa, kisha hupanda nao kuwauza sokoni Mwanga. Komeo lile alilifungua polepole ili asimwamshe binti yake. Naye binti yake hakuwahi kumwambia kwamba huamka kila siku.

Elida alikuwa na miaka kumi na minne, naye alisomea nyumbani. Mwaka juzi pikipiki aliyopakiwa ilimwangusha kwenye mteremko wa Kalinzi, nyonga yake ikavunjika, na ilipounga iliunga vibaya. Shule ilikuwa mbali, na mguu haukuuweza tena mwendo ule. Bahati yake, pale mtaani kwao Buzebazeba aliishi Bibi Yunisi, mwalimu mstaafu. Bibi huyu aliwakusanya barazani kwake vijana ambao maradhi yaliwazuia kwenda shule, akawafundisha bila kuchoka. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kuandika insha. Kabla Elida hajafika, Bibi alikuwa ameshaweka mto juu ya kigoda chake ili nyonga isimuume. Hakuwahi kuusema ule mto. Aliuweka tu.

Asubuhi ile walikuwa wawili, Elida na Shukrani, mvulana mwenye ugonjwa wa seli mundu na mdomo usiotulia. Elida alisimama akasoma insha yake: "Jua lilichomoza kwa madaha, likitandaza miali yake ya dhahabu juu ya maji maangavu ya ziwa letu..."

"Hilo jua lako kila wiki linachomoza kwa madaha," Shukrani alisema. "Halina siku ya kuumwa kichwa?"

"Nyamaza wewe. Insha yako ina mistari minne!"

"Minne, lakini yangu."

Bibi Yunisi alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamgeukia Elida. "Sentensi ni nzuri, mwanangu. Umeitoa wapi?"

"Kichwani, Bibi."

"Kichwani iliingiaje?"

Elida alifikiri kidogo. "Niliisikia mahali."

"Basi ina mwenyewe. Leo asubuhi jua lilikuwaje?"

"Kulikuwa na mawingu, Bibi. Halikuonekana."

"Haya. Kesho niandikie mawingu hayo."

Elida alikaa amenuna. Aliyapenda maneno mazuri. Aliyaokota redioni, kanisani na harusini, akayatunza kama mtu anavyotunza nguo za sikukuu. Ya nini kuandika mawingu?

Mawingu yale hayakuandikwa. Kabla ya jioni habari zilikuja kutoka Ujiji kwamba Babu Nikodemu, baba yake Rahabu, amefariki dunia. Kiharusi kilikuwa kimemlaza miaka miwili, upande mmoja wa mwili ukiwa umekufa ganzi.

Msiba ukakusanya watu. Mjomba Erasto, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuja kutoka Dar es Salaam akiwa amevaa miwani myeusi. Alimwita Elida pembeni ya turubai.

"Nasikia wewe ndiye mwandishi wetu."

"Najifunza, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Basi tuandikie wasifu wa babu yako. Uandike vizuri, watu wasikie kwamba mzee alikuwa na familia."

Elida alijisikia amekua. Alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akaandika bila kumuuliza mtu yeyote. Mazishi aliyahudhuria mengi, na jinsi wasifu unavyokwenda aliijua. Kalamu iliteleza tu. Alipofika kwenye kuugua kwa marehemu aliandika: "Watoto wake wapendwa walimuuguza kwa hali na mali mpaka alipovuta pumzi ya mwisho." Hakusita hata kidogo. Sentensi hiyo imo katika kila wasifu, kama chumvi katika mboga.

Lakini haikuwa kweli. Tangu mzee aanguke, Mjomba Erasto hakuwahi kukanyaga Ujiji. Rahabu alikwenda Jumapili biashara ilipomruhusu, na biashara haikuwa na tabia ya kuruhusu. Aliyemtunza Babu Nikodemu alikuwa jirani, Mama Merina, mjane aliyevuka ziwa kutoka Kongo akiwa msichana, akaolewa Ujiji, na sasa aliishi kwa kuuza mawese. Ni yeye aliyempoza mzee uji kwa kuumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile. Ni yeye aliyemfunga kitenge kifuani ili kumwinua, akamwogesha, akamgeuza asipate vidonda mgongoni. Elida aliyaona haya kwa macho yake alipokwenda kumsalimia babu. Aliyaona, lakini hayakufanana na wasifu wowote aliowahi kuusikia, kwa hiyo hayakumjia.

Siku ya mazishi alisoma kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye ile sentensi, Mama Merina alikuwa amesimama nyuma ya kina mama wa jikoni, mikono ikichuruzika maji ya kuoshea masufuria. Elida alimwona akiinamisha kichwa. Kisha mwanamke mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika:

"Kumbe walikuwa wanakuja kumuuguza! Basi walikuwa wanakuja kwa ungo, maana sisi majirani hatukuwaona."

Wanawake wakaficha vicheko kwenye kanga zao. Mama Merina hakucheka. Aligeuka akarudi kwenye masufuria, akayaosha yote, kwa kuwa watu wangehitaji kula.

Baada ya mazishi Mjomba Erasto alikagua vitu vya baba yake. "Redio ya mzee iko wapi?"

"Iko kwa Mama Merina," mtu mmoja alijibu.

"Imefikaje huko?"

Rahabu alikuwapo. Alijua kila kitu, lakini aliona haya, akatazama chini. Mke wa Mjomba ndiye aliyejibu. "Hata mimi nashangaa. Wasifu umesema mzee alitunzwa na wanawe. Sasa huyo mama alikuwa akiingia humu kufanya nini?"

Mjomba hakusema kitu. Kimya chake kilitosha. Neno likatoka pale likapita uani, likavuka ua, na kabla ya jua kuzama Mama Merina alikuja akiwa na redio aliyoifunga kwenye kitambaa safi. Aliiweka mkekani.

"Alinipa nikamtengenezee, sauti ilikuwa inakatika. Imeshatengenezwa," alisema. "Poleni na msiba."

Akaondoka. Hakuna aliyemwita arudi. Elida alitaka kumwita, lakini akabaki akiitazama redio. Tangu jioni hiyo Mama Merina hakukanyaga tena matangani, na watu wakasema, "Mwenye hatia hukimbia."

Siku ya tatu Elida alichukua bajaji mpaka kwa Bibi Yunisi. Alikaa kwenye kigoda chake, na ule mto ulikuwepo, ndipo alipoangua kilio.

Bibi alimwacha alie. Alikuwa mazishini, alisikia yote. "Niambie," alisema baadaye. "Nani alikuwa akimgeuza babu yako kitandani?"

"Mama Merina."

"Ulijua?"

"Nilijua, Bibi. Lakini sikukusudia kumwibia. Nilitaka tu upendeze."

"Najua hukukusudia. Lakini lile jua lako la madaha lilipochomoza halikumdhuru mtu. Hili la wasifu limemdhuru. Kazi ya mtu umempa mwingine mbele ya umma, na sasa mwenye kazi anaitwa mwizi."

"Nifanye nini? Niende kumwomba radhi?"

"Utakwenda. Ila kosa ulilolisoma uwanjani halisahihishwi chumbani. Kesho wanaanua matanga, watu watakuwepo. Kaa na mama yako leo, muuandike upya wasifu. Andika nani alifanya nini. Usiongeze sukari."

Mama na mwana walikaa mchana wote nyuma ya nyumba ya marehemu. Mwanzoni Rahabu alijibu kwa mkato. Kisha akasema kwa shida, "Na mimi niandike."

"Nikuandikeje, Mama?"

"Andika kwamba kila wiki nilisema Jumapili ijayo."

Elida alimtazama mama yake. Uso ulikuwa umekunjamana kwa aibu, lakini haukugeuka. Akaandika.

Kesho yake, watu walipokuwa wakitaka kutawanyika, Elida alijikongoja mpaka katikati ya turubai. Mjomba Erasto alishtuka. "Wasifu si umeshasomwa? Nani amekutuma?"

"Mimi," Rahabu alisema akiinuka. "Mwache asome, Kaka."

Safari hii sauti ya Elida haikuwa nzuri.

"Wasifu niliousoma siku ya mazishi ulikuwa na uongo, na uongo huo niliuandika mimi. Babu yangu Nikodemu hakuuguzwa na watoto wake. Mjomba alikuwa mbali. Mama alikuwa akisema Jumapili ijayo. Mimi nilikwenda mara mbili. Aliyemwogesha, akamlisha na kumgeuza kwa miaka miwili ni Mama Merina. Alipomlisha alimfuta mdomo kila kijiko, ingawa hapakuwa na mgeni wa kumtazama. Redio alipewa na Babu aitengeneze. Wakati Babu anakufa, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Mama Merina. Sisi hatukuwepo."

Alikunja karatasi. Hakuna aliyecheka. Yule mwanamke wa ungo alivuta pua, akasema taratibu, "Sasa mzee amezikwa." Mjomba Erasto alivua miwani yake, akaenda nyuma ya nyumba. Walimsikia akikohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

Lakini Mama Merina hakuwepo kuyasikia. Kwa hiyo wakaenda wenyewe, Elida na mama yake, na Bibi Yunisi akimshika Elida mkono kwenye njia yenye mawe. Mjomba aliwafuata nyuma, peke yake.

Walimkuta akimimina mawese kwenye chupa, vidole vikiwa na rangi ya machungwa. Aliwatandikia mkeka bila kuuliza neno. Rahabu hakukaa. Alipiga magoti.

"Dada, nilijua, nikanyamaza."

"Inuka, mama. Utachafua nguo."

"Nami naomba radhi," Mjomba alisema akiwa mlangoni. "Nilikuita mwizi."

"Hukuniita," Mama Merina alijibu. Hakuinua macho kwenye chupa. "Ulinyamaza, baba, na watu wakatamka badala yako. Nimeishi Ujiji miaka yote hii. Sijawahi kupita sokoni nikaona watu wanashika mikoba yao. Juzi nimewaona."

Elida alimsomea Mama Merina yale aliyoyasoma turubaini. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akafunga chupa kwa kizibo, akaanza nyingine. Hakusema "nimesamehe." Alisema tu, "Hapo kwenye kijiko, ulikuwa unaangalia kumbe."

Bibi Yunisi alimshika Elida bega. "Elida, mwanangu, lishike hili. Maneno mazuri si kosa, lakini kabla hujamsifu mtu kwa kazi, tazama kwanza ni mikono ya nani iliyochoka. Ukimpa sifa asiyestahili, kuna mwingine umemnyang'anya. Leo umerudisha. Haikurudi nzima, maana jina la mtu likishachafuka halitakati kwa siku moja. Ndiyo maana tunaandika ukweli mara ya kwanza."

"Nimeelewa, Bibi."

Kisha Bibi akamgeukia Mjomba. "Na wewe, Erasto, kesho upite naye sokoni, mkiwa pamoja, mchana watu wakiwa wengi."

"Nitapita naye, Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Walipoinuka kuaga, jua lilikuwa limeshuka na upepo wa ziwa umeanza kuingia uani. Mama Merina aliwasindikiza mpaka kwenye kona ya ua wake. Hapo alimshika Elida kiganja, akamwachia alama ya mawese.

"Saa hizi ndizo mbaya," alisema. "Ndiyo saa niliyokuwa nampelekea uji. Napika, halafu nakumbuka. Mutoto, mguu ukikukubalia, njoo tena. Usiniletee karatasi. Njoo tu unikalie hapa, mpaka giza liingie."