Nyama Isiyochinjwa

Jua lilikuwa linazama, na ule upepo wa Juni unaopenya mpaka kwenye mifupa ulishaanza kuvuma pale Milanzi, Albina alipotoka mashineni na ndoo ya unga wa malezi kichwani. Alitembea taratibu, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine kwenye tumbo.

Ilikuwa mimba yake ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika. Safari hii muuguzi wa kliniki alimfunua kope, akaguna. "Mama, damu huna. Usipokula vizuri na huyu utampoteza." Vidonge alivyopewa alivitapika vyote.

Nyumbani kila mtu alikuwa na dawa moja tu: nyama. Mama mkwe wake, Bertila, alimkaangia maini, akayaweka mbele yake, akakaa kumkodolea macho. Albina hakuyagusa. Alipokuwa msichana kule Pito, baba yake alimchinja maksai wao wa kulimia kwa ajili ya sherehe ya kipaimara chake. Asubuhi ile ile maksai yule alikuwa amemlamba mkono. Tangu siku hiyo Albina hajala kitu kilichouawa, na watu wamemcheka mpaka wamechoka. Mboje, jirani yao Msukuma mwenye mifugo, humtania kila akimwona: "Shemeji, wewe unawaonea huruma ng'ombe wangu kuliko mimi ninayewachunga!"

Kosa la Albina lilikuwa mdomo. Siku moja, baada ya sala za jumuiya, shemeji yake Isdori aliyerudi likizo kutoka chuoni aliwasimulia watu kwamba huko nchi za wenzetu wataalamu wanamkata ng'ombe kipande kidogo, wanakitunza na kukilisha, kinaota mpaka kinakuwa mnofu. Ng'ombe mwenyewe anaendelea kula majani yake. Akina mama wakaguna kwa kinyaa. Nyama inayoota kama uyoga, Mungu apishe mbali!

Albina peke yake ndiye aliyesema, "Kama hakuna aliyekufa, hiyo hata mimi nitakula."

Wote wakaangua kicheko. Mama Kasmir tu hakucheka.

Huyu alikuwa mjane aliyepanga nyumba ya mwisho, pale njia inapoelekea mashambani. Mcha Mungu, mpole, mnene wa kupendeza. Kasmir mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Ilisemekana ni mgonjwa, hatoki nje, hapendi watu. Nani ahangaike na mtoto wa mwenzake?

Jioni ile ya unga, mjane alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita upate moto. Upepo huu utamuua huyo mtoto." Akasogea karibu, akanong'ona. "Halafu ile nyama yako... ipo."

Albina angeweza kuendelea na safari yake. Lakini neno la muuguzi lilikuwa halimtoki kichwani. Akaitua ndoo, akaingia.

Ndani kulikuwa na joto. Joto zito, la unyevunyevu, kama ndani ya mdomo wa mtu. Na harufu... Si ya kuoza. Ilikuwa harufu ya kichwa cha mtoto mchanga kilichochanganyika na maziwa yaliyochacha. Pembeni ya mafiga kulikuwa na chungu kikubwa cha pombe, kimefunikwa kwa kitenge.

Mama Kasmir alifunua.

Chungu kilikuwa kimejaa nyama. Nyekundu, laini, haina mfupa wala ngozi, imeufuata mviringo wa chungu kama unga uliofura. Juu yake kulikuwa na uji wa malezi, na uji ule ulikuwa unapungua.

Ulikuwa unanyweka.

"Nailisha asubuhi na jioni," mjane alisema kwa fahari, kama mtu anayemwonyesha mgeni ndama wake. "Nakata, inaota. Hakuna damu iliyomwagika, hakuna roho iliyotoka."

Albina alirudi hatua moja. Akataka kugeuka. Ndipo mjane akachukua kisu, akakata ukanda mmoja.

Kutoka chumba cha ndani mtu aliguna.

"Nani huyo?"

"Kasmir. Baridi inamsumbua."

Ule ukanda ulijikunja kwenye kikaango, ukalia mafuta. Mjane akauweka kwenye sahani, akamega, akatia mdomoni mwake kwanza, akatafuna, akameza. Kwetu Ufipa mwenyeji huonja kwanza ili kutoa uchawi. Pombe, ugali, hata maji ya kunywa. Mgeni akishaona mwenyeji amemeza, roho yake inatulia.

Na roho ya Albina ikatulia, masikini. Hakujiuliza kama uchawi wote hukaa kwenye chakula.

Akala.

Ilikuwa tamu. Hapo ndipo penye kinyaa chote, kwamba ilikuwa tamu. Laini, vuguvugu, ikamteremka kabla hajaitafuna vizuri. Akahisi mashavu yanapata moto, magoti yanapata nguvu. Akala kipande cha pili. Akalamba mafuta kwenye vidole. Akanyoosha sahani kama mtoto, na mjane, akitabasamu, akakata tena.

Safari hii haikuwa kuguna. Ilikuwa kilio. Kilio cha mwanaume mzima, aliyeziba mdomo wake kwa blanketi.

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Kijana mrefu alikuwa ameketi kwenye mkeka, kifua wazi. Mwilini mwake hamkuwa na kidonda. Ila mikononi, mabegani, ubavuni, alikuwa na mabonde. Nyama ilikuwa imeondoka na ngozi imebaki, imebonyea ndani. Alimtazama Albina mdomoni, pale palipokuwa na mafuta.

Sahani ikaanguka.

"Ni... ni yeye?"

"Amekufa?" mjane aliuliza kwa upole. "Si huyo hapo, anakula, analala? Nilichukua kipande kidogo tu akiwa tumboni." Akafuta kisu kwenye kitenge. "Tatizo amekua. Nyama yake inaanza kuwa ngumu, inahitaji mbegu changa. Na wewe ulisema mwenyewe, mbele ya jumuiya, kama hakuna aliyekufa..."

Albina alifungua mdomo apige kelele. Mkono wa mjane, wenye mafuta, ukatua tumboni mwake. Mtoto aliyekuwa anarukaruka akatulia ghafla.

Kisha kitu kikafinya.

Si kwa nje. Ndani kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Kikafinya, kikazungusha, kikachuna.

Jinsi alivyofika nyumbani hajui. Adolfu, mumewe, alimkuta uani amepiga magoti, vidole kooni, anatapika. Alitapika uji, akatapika nyongo, akatapika maji. Nyama haikutoka hata kidogo.

Alisema tu kwamba amekula kwa Mama Kasmir, na asubuhi Adolfu na vijana wa mtaa walikwenda kwenye ile nyumba. Ilikuwa wazi na tupu. Kwenye udongo kando ya mafiga palibaki duara la mafuta. Nzi walilizunguka bila kutua.

Mimba haikuharibika. Kliniki walishangaa, damu ilikuwa imejaa tele. Akazaliwa mtoto wa kike, mnono, wakambatiza Dominika. Kwenye paja la kushoto ana kibonyeo kinachoenea kidole gumba, ngozi yake laini kabisa. Alama tu ya kuzaliwa, wakunga walisema.

Miezi ikapita. Siku moja sokoni, mbele ya mafungu ya maharage, kijana mrefu mwenye koti alisimama karibu na Albina. Alimwinamia, akanong'ona.

"Asante, dada. Siku hizi siumii tena."

Alipogeuka kumshika, Kasmir alikuwa ameshapotelea kwenye watu.

Dominika ni mtoto mtulivu mchana kutwa. Ikifika ile saa ya moshi kutoka kila jiko, saa ya watu kuandaa chakula, hukakamaa, hushika paja na kulia mpaka sauti inamkauka. Bertila husema ni mchango, humkanda tumbo kwa maji ya moto. Albina hajamwambia mtu yeyote ukweli wote. Humkumbatia mwanawe, humbembeleza, humwombea kwa machozi. Anajua kuna mahali kisu kinafanya kazi.

Na kila mtoto anapolia, mate humjaa mama yake mdomoni. Anayameza, na njaa inabaki.